Maozeo, Wala Si Hifadhi
Kipeperushi kimoja cha mashine za kufulia kinamtahadharisha mwenye nyumba isiyounganishwa na bomba la majitaka asizidishe uwezo wa "tangi la kuhifadhia maji machafu". Kuhifadhia! Kinachohifadhiwa hutunzwa kisiharibike. Neno hili tulilipata kwa Waarabu pamoja na heshima yake: hafidhi ni yule aliyeihifadhi Kurani moyoni, na Serengeti ni hifadhi kwa sababu hatutaki ipotee. Kulitumbukiza neno hilo chini ya choo ni kulidhulumu, tena ni kumpotosha anayefua.

Wagiriki walikuwa na kitenzi "sepein", maana yake kuoza. Mfaransa Louis Mouras alijenga tangi la aina hii tangu miaka ya 1860, lakini jina "septiki" lilitoka Exeter, Uingereza, katika miaka ya 1890, kwa Donald Cameron, mpimaji wa jiji. Jina lilitaja kazi: humo ndani vijidudu visivyohitaji hewa huozesha kinyesi na uchafu, mashapo yakatuama chini, mafuta yakaelea juu, na maji ya katikati yakatoka kwenda shimo la kunyonya. Mzizi huohuo umetupa antiseptiki, yaani kizuia uozo. Kwa hiyo anayemimina jiki bila kipimo katika maji ya kufulia anapigana na tangi lake kuanzia kwenye jina. Ukiliita la kuhifadhia, utamwonyaje?

Kiswahili kina njia yake, na haihitaji kuazima. Chinja, chinjia, machinjio. Kimbia, kimbilia, makimbilio. Basi oza, ozea, maozeo: mahali pa kuozea. Irabu ya mzizi ndiyo inayodai -eo, kama soma inavyotupa somea na choma chomea. Sarufi imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni ujasiri wetu. Mwenzangu mmoja katika fani hii ya kuunda istilahi anashikilia "kivundikio", kutoka vundika. Ndizi zinazovundikwa zinangojwa ziive ziliwe! Sijui ni vipi msomi wa lugha hakuliona hilo.

Kikao cha istilahi nilichokiwasilishia maozeo kililikataa bila mjadala, eti linatia kinyaa. Mbona samadi na mboji zimo kamusini na hakuna aliyezionea haya? Kinyaa peke yake si sababu ya kutosha ya kukataa istilahi.

Mtaani Dar es Salaam watu husema karo, na sina ugomvi nao: karo likijaa, linaitwa gari la kunyonya majitaka. Ila karo ni hata pale pa kuoshea vyombo, na Mkenya akilisikia huwaza ada ya shule. Kwa mazungumzo linatosha. Kwa kitabu cha fundi halitoshi.

Kuhusu kufua kwenyewe, nguo zigawanywe katika siku za wiki badala ya kurundikwa zote Jumamosi, kwani mashine ya zamani ya mlango wa juu huweza kumwaga lita 150 kwa awamu moja, na maji mengi ya ghafla huyatibua mashapo na kuyasukuma hadi shimo la kunyonya, udongo ukaziba. Sabuni ya maji ni afadhali kuliko ya unga, ambayo nyingine huacha machicha yasiyoyeyuka. Nyuzi za poliesta zichujwe kwenye mpira wa kutolea maji, kwa kuwa haziozi, na kisichooza hakina kazi ndani ya maozeo.

Sentensi hiyo ya mwisho ijaribuni kwa "tangi la kuhifadhia" muone kama inasimama. Rasimu ya istilahi za majitaka ikirudi mezani, nitaliwasilisha neno lilelile, na safari hii nitadai sababu za kulikataa ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.