Nani Anabeba Hiyo Lenzi?

Mwaka juzi nilipata kazi yangu ya kwanza ya harusi, kule Murang'a. Nilikuwa nimetazama video za kutosha kujua kwamba mapro wote wanabeba lenzi ya 70-200 f/2.8, kwa hivyo nikakodisha moja tao kwa siku mbili. Karibu nusu ya malipo yangu ikaishia hapo. Ile kitu ina karibu kilo moja na nusu kabla hujaifunga kwa kamera. Saa nne asubuhi nilikuwa najiona mfalme, wageni wananipisha njia. Saa tisa mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka kama wa mtu amelala njaa. Nikaiweka kwenye kiti, nikajiambia acha ninywe soda dakika mbili tu. Ndani ya hizo dakika mbili, shosho wa bibi harusi akatupa mkongojo chini na kuingia katikati kudensi.

Nilirudi Nairobi na picha zaidi ya elfu moja. Hiyo sikuwa nayo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya lenzi kama mtu anayetafuta wa kulaumu. Na nilichopata ni kwamba ubishi wetu wa leo, lenzi kali ama lenzi nyepesi, ni wa zamani sana, na jibu karibu kila mara limetegemea ni nani anabeba.

Tuanze Vienna, 1840. Mwaka uliotangulia, Daguerre alikuwa ametangaza kamera yake kule Paris, lakini lenzi yake iliingiza mwanga kidogo mno. Ukitaka picha ya uso ilibidi ukae tuli juani dakika nyingi, macho yanatoka machozi. Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati chuo kikuu, akapiga hesabu za lenzi mpya ya vioo vinne, na kampuni ya Voigtländer ikaiunda. Ilikuwa inaingiza mwanga mara nyingi zaidi, na muda wa kukaa tuli ukashuka hadi chini ya dakika moja. Ilikuwa nzito, vioo vinene ndani ya mtungi wa shaba. Sijasoma popote mtu akilalamikia mgongo, na sababu iko wazi: kamera ilikuwa inasimama kwa stendi ndani ya studio. Mteja ndiye alikuwa anaifuata.

Shida ilianza kamera ilipotaka kusafiri. Hapa kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ambao hauniachi. Mjerumani mmoja kwa jina Carl Georg Schillings alizunguka nchi ya Wamaasai na pande za Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1900, akipiga wanyama picha, hadi usiku kwa baruti ya mwanga. Kitabu chake kilichotoka 1905 kilimpa jina kubwa Ulaya, na kusema ukweli zile picha ni za ajabu ukikumbuka ni mwaka gani. Sasa fikiria vifaa: makamera makubwa, lenzi za kuvuta mbali, masanduku ya bamba za vioo, dawa za kusafishia. Hakukuwa na Land Cruiser. Hayo yote yalipanda vilima juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Kwa Schillings, ubora wa picha dhidi ya uzito haikuwa hesabu ngumu hata kidogo. Ubora ulikuwa wake, uzito ulikuwa wa wengine.

Linganisha na Oskar Barnack. Huyu alikuwa fundi, tangu 1911 akifanya kazi kwa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alipenda kutembea milimani na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu. Kamera aliyokuwa akibeba ilikuwa ya bamba za sentimita 13 kwa 18, na hakuwa na mpagazi. Pumzi ikikata, inakata yake mwenyewe. Akaamua kutengeneza kitu cha kuingia mfukoni, kinachotumia filamu ya sinema. Kufikia 1914 alikuwa na mfano unaofanya kazi. Vita vikaingilia, na kamera yenyewe, Leica, ikaonyeshwa kwa umma 1925 kwenye maonyesho ya Leipzig.

Hebu ona alichokuwa anakitoa sadaka. Fremu yake ilikuwa milimita 24 kwa 36. Ukipiga hesabu, ile bamba ya zamani ilikuwa na eneo mara 27 zaidi. Kwa macho ya mapro wa wakati huo ile kamera ilikuwa toy. Wazo lake lote lilikuwa upige negativi ndogo, kisha uikuze iwe picha kubwa, na hilo haliwezekani kama lenzi ni ya uongo. Kwa hivyo Max Berek, mwenzake pale Leitz, akamchorea lenzi ndogo ya milimita 50, f/3.5, yenye ukali wa kuvumilia kukuzwa hivyo. Kwa kamera za aina hiyo watu kama Henri Cartier-Bresson walipiga picha barabarani bila yeyote kushtuka.

Na hapa ndipo mimi huchekaga. Ile 24 kwa 36 ndiyo tunayoiita ful fremu leo. Tunaiuza kama kitu kikubwa, cha heshima, cha kukopea pesa kwa sacco. Ilizaliwa kama njia ya mkato ya mtu aliyechoka kubeba.

Kisha tukaanza kurudisha uzito polepole. Namba ya f ni hesabu tu: urefu wa fokasi gawanya kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8 inahitaji tundu la kama milimita 28. Kwa f/1.2 inahitaji kama 42. Chukua mbili za Canon za siku hizi, RF 50 f/1.8 na RF 50 f/1.2. Ya kwanza ina gramu 160 na vipande sita vya kioo. Ya pili ina gramu 950 na vipande 15. Unapata mwanga mara mbili na kidogo, unabeba uzito mara sita. Sehemu ya huo uzito si mwanga hata, ni vioo vya kurekebisha kona za picha zisiwe na ukungu. Ni kazi safi sana, siwezi kudanganya. Lakini ni nani kwa harusi amewahi kukuza kona ya picha atazame majani ya mgomba?

Kuna mahali siwezi kubishana. Simba jioni Mara, ama mechi ya raga usiku, lazima kioo kikubwa. Lenzi ya 400 f/2.8 inataka tundu la milimita 143, na hakuna injinia wa kuikwepa hiyo. Anachoweza ni kupunguza kingine chote. Ile ya Canon ya kwanza yenye kutuliza mtikisiko ilikuwa na kilo 5.37. Iliyofuata, 3.85. Ya 2018, 2.84, na vioo vingi vikasogezwa nyuma karibu na kamera ili mbele isivute mkono. Karibu nusu ya uzito imepotea kwa tundu lilelile. Hiyo naiheshimu kuliko f/1.2 yoyote.

Kila nikifikiria mikono namkumbuka Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia 1984 zilizoamsha dunia. Kamera za televisheni za enzi zile zilikuwa mzigo wa begani. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono mmoja, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa palepale. Amin akawekewa mkono wa bandia wa kumwezesha kushika kamera, akarudi kazini, hadi alipokufa kwenye ndege iliyotekwa 1996. Nami nilikuwa na mikono miwili, na soda.

Yule shosho alifariki Februari. Familia ilinipigia simu kuuliza kama nina picha yake akicheza siku ile, nikawaambia nitatafuta, ingawa nilijua. Kwenye programu ya mazishi waliweka iliyopigwa na binamu kwa simu. Mkono wake umetoka ukungu, kichwa cha mtu kimeziba nusu ya mguu, na anacheka hadi unaona pengo.

Jumamosi nina ruracio Kiambu. Nimepakia ile ya gramu 160.