Yupo Tu

Agosti 2022 karani wa sensa alitukuta uani, nyumbani kwetu Elerai. Mimi nilikuwa na mtoto wa kaka mgongoni, makande yanatokota jikoni. Alipofika kwenye swali la shughuli, shangazi akanijibia: "Huyu kamaliza kidato cha nne. Yupo tu."

Ndugu msomaji, neno hilo lilinikera. Nikaanza kulitafutia ukoo wake.

Ukoo wake ni mrefu. Wajerumani walipoanzisha kodi mwaka 1898 walihesabu nyumba. Huku chini ya Mlima Meru, mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu. Basi mwanamke akaingia daftarini kama paa na kuta. Waingereza nao, mwaka 1922, wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na kichwa. Kichwa chenyewe kilikuwa cha mwanamume.

Lakini mwaka niliotaka kuujua hasa ni 1983. Ule wa foleni za sukari na maduka matupu, Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu wa Monduli hapo jirani, akiwa amewavalia njuga walanguzi. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvukazi: kila mwenye uwezo aandikishwe na awe na kazi inayotambulika. Asiye nayo ni mzururaji, apelekwe shamba akalime. Ati mjini wamejaa watu wanaokula bila jasho!

Shangazi alikuwa na miaka 19. Alimaliza la saba, akaletwa mjini na kaka yake kumlelea watoto wanne. Alfajiri maji, kisha uji, kisha nepi, kisha kuni, hadi watu walale. Sasa huyu utamwandika nani? Wa Kiltex alikuwa na kitambulisho cha kiwanda, wa General Tyre vilevile. Mke wa mtu, kwa jinsi mtaani walivyoelewa, alikuwa na jibu lake: mama wa nyumbani. Shangazi alifanya kazi ileile ya mama wa nyumbani, tena kwa watoto si wake, ila hakuwa na mume wa kumtaja.

"Nikitumwa sokoni," aliniambia, "nambeba mtoto hata kama amelala. Mtoto mgongoni ilikuwa barua yangu ya kazi." Alicheka, lakini si sana. Wifi yake akaona mtoto peke yake hatoshi, akavua pete yake ya ndoa akampa. Ilikuwa kubwa. Shangazi akaizungushia uzi mweusi ishike kidoleni.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Wengi waliopelekwa vijijini walikuwa wakirudi mjini kimyakimya. Na tazama mambo: jina lilelile la nguvukazi likabaki kwenye leseni za wafanyabiashara wadogo. Shangazi alipopata yake, akauza maandazi mbele ya nyumba. Mikono ileile, jiko lilelile! Andazi la watoto wa kaka halikumfanya kuwa mfanyakazi; la mpita njia ndilo lililomfanya.

Wasomi wa takwimu wamelizungukia jambo hili miaka mingi. Oktoba 2013, huko Geneva, mkutano wao ulikubali kwamba kupika, kuchota maji na kulea bila malipo navyo ni kazi. Nikashangilia. Nikaendelea kusoma, nikaacha kushangilia: nguvukazi yenyewe bado ni wale wafanyao kazi kwa malipo au faida, pamoja na wasio nayo ambao wanaitafuta na wako tayari kuianza. Mimi siwezi kutafuta, kwa sababu mtoto hana wa kuachiwa. Kwa hiyo, bwana, hata kwenye orodha ya wasio na kazi simo. Nipo nje ya mlango, na ndoo yangu.

Juzi nilimuuliza shangazi: wewe uliyevaa pete ya watu, ilikuwaje ukamwambia karani nipo tu?

Alinyamaza kitambo. "Hakuuliza umechota ndoo ngapi," akasema.

Kisha akaniambia kwamba ile pete aliirudisha kwa wifi mwaka 1985, na uzi bado umefungwa.