Gari la ajali: hatua za kulirudisha barabarani

Msikilizaji, pikapu iliyopinduka huuzwa kwa bei ya kutupa, na ikishapakwa rangi huwezi kuitambua. Wengi mnatuuliza: je, ikitengenezwa inaruhusiwa kutembea? Ndiyo, lakini kinachoiruhusu ni ukaguzi, si rangi. Hapa tunaeleza utaratibu wa Tanzania Bara.

Kabla ya kulipa
Omba kadi halisi ya gari. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi. Ukikuta namba imekwanguliwa au kuchomelewa upya, achana nalo, huenda ni la wizi. Uliza pia polisi kama kesi ya ajali imekwisha. Gari ambalo bado ni kielelezo halitengenezwi wala haliuzwi kiholela.

Kwa fundi
Anzeni chini, si kwenye bodi. Pimeni chesesi kwa kamba, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo visipolingana, chesesi imepinda. Gari la hivyo huvuta upande mmoja na kula tairi. Mkanda wa kiti uliochanika au kulegea ubadilishwe, usishonwe. Tunza risiti za vipuri. Kama injini imebadilishwa, peleka nyaraka zake TRA ili kumbukumbu za gari zirekebishwe.

Kwa mkaguzi
Nenda kwa Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Kama breki au usukani una shaka, gari livutwe, usiliendeshe. Mkaguzi huangalia breki, usukani, tairi, taa, indiketa, honi, wipa, vioo na mikanda. Akikuta kasoro, mwombe aziandike, katengeneze, kisha urudi.

Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Atakayekuambia utoe pesa mkononi upate ripoti bila gari kuonekana, mkatae. Karatasi haishiki breki mlimani, na nyuma ya pikapu hiyo mara nyingi hukaa watoto wetu juu ya magunia.

Baada ya kufaulu
Hamisha umiliki TRA ukiwa na mkataba wa mauzo. Kata bima, na ueleze wazi kwamba gari lilipata ajali, kwani ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa. Bima ndogo, ambayo ni lazima kisheria, hulinda wengine utakaowadhuru. Hailipi gari lako. Ukitaka kubeba abiria au mizigo kibiashara, omba leseni LATRA. Huko nako utatakiwa kuonyesha kuwa gari limekaguliwa.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza chombo kibovu barabarani. Kwa hiyo piga hesabu mapema: bei ya gari, fundi, vipuri, ukaguzi na bima. Jumla ikikaribia bei ya gari zima, mwachie muuzaji gari lake.