Kinga ya upepo katika pikipiki za safari

Kinga ya upepo ni vifaa vinavyofungwa mbele ya pikipiki ili kumpunguzia dereva nguvu ya hewa awapo mwendoni. Vikuu ni kioo cha mbele, ganda linalozunguka taa na injini, na vikinga mikono. Katika pikipiki za safari, zinazokwenda mamia ya kilomita kwa siku zikiwa na abiria na mizigo, kinga hiyo hushindana na haja nyingine ya mwili, nayo ni hewa ya kumpoza dereva.

Nguvu ya upepo

Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Pikipiki ikitoka kilomita 60 kwa saa kufikia 120, upepo huisukuma kwa nguvu mara nne, na injini huhitaji uwezo wa takriban mara nane kuushinda. Pasipo kinga, dereva huning'inia kwenye usukani asisukumwe nyuma, na mzigo wote huishia shingoni, mabegani na mikononi. Uchovu huo hujilimbikiza polepole na kumpunguzia umakini. Kelele za upepo ndani ya helmeti nazo hupita desibeli 90 katika mwendo wa barabara kuu, kiasi cha kudhuru masikio, kwa hiyo wasafiri wazoefu huvaa vizibo vya masikio.

Msukosuko wa hewa

Kioo kirefu si lazima kiwe bora. Hewa inayopita juu ya ukingo wake hugeuka vimbunga vidogo. Vikiifikia helmeti, kichwa hutikisika na macho huona barabara kwa shida. Nyuma ya kioo shinikizo hushuka, hivyo hewa huvutwa kutoka nyuma na kumsukuma dereva mgongoni. Upenyo mdogo chini ya kioo husaidia kusawazisha shinikizo hilo. Wengi hupendelea ukingo uishie usawa wa pua au mdomo, ili dereva atazame juu yake, hasa usiku na wakati wa mvua.

Joto na baridi

Mwili hujipoza jasho linapokauka, na kukauka kwake kwahitaji hewa. Ganda pana likizuia hewa hiyo, na joto la rejeta likaelekea miguuni, dereva huteseka katika foleni na katika nchi za joto. Hata hivyo, hewa ikizidi joto la ngozi, yaani takriban nyuzi 35 za selsiasi, upepo mkali huanza kuupasha mwili na kuumaliza maji. Hapo afadhali kujifunika na kunywa maji mara kwa mara kuliko kufungua jaketi. Milimani na alfajiri hali hugeuka: upepo hunyang'anya joto haraka na vidole hukosa wepesi wa kushika breki. Ndiyo maana waendesha bodaboda wa Afrika Mashariki, ambao pikipiki zao kwa kawaida hazina kioo, huvaa jaketi zito kukinga kifua.

Historia

Mwaka 1969 Harley-Davidson iliipa Electra Glide ganda pana lililofungwa kwenye usukani. Mwaka 1971 Mmarekani Craig Vetter alianza kuuza Windjammer, ganda la kufungwa kwenye pikipiki za kampuni mbalimbali. BMW R 100 RS ya mwaka 1976 ilitoka kiwandani na ganda kamili lililosanifiwa katika handaki la upepo, ikafuatwa mwaka 1978 na R 100 RT yenye kinga kubwa zaidi. Honda ilitoa Gold Wing Interstate yenye ganda la kiwandani mwaka 1980. Siku hizi pikipiki nyingi kubwa za safari zina kioo kinachopandishwa na kushushwa kwa mota ya umeme.

Kuchagua kioo

Kimo cha dereva, helmeti na umbo la kiti hubadilisha matokeo, hivyo kioo kimoja hakiwafai wote. Kioo kinachofaa kwa safari ni kile kinachoweza kurekebishwa: juu kwa baridi na mvua, chini kwa joto.