Likizo ni Kurudi: Mapumziko ya Mume na Mke katika Milima ya Upare

Katika kamusi zetu, kitenzi kulikiza kina maana mbili zilizokaa bega kwa bega. Ya kwanza ni kumwachisha mtoto ziwa. Ya pili ni kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda. Kutokana na kitenzi hicho tulipata nomino likizo. Mshairi akizitazama maana hizo ataona kwamba kiini chake ni kimoja: kuachanishwa na kitu kilichokuwa kimekushika. Mtoto huachanishwa na titi, mwajiriwa na kazi. Lakini kwetu Same, tangu wazee wetu walipoanza kufanya kazi za mshahara mbali na nyumbani, neno hilo limebeba maana ya tatu ambayo kamusi haijaiandika. Likizo ni kurudi kwa mwenzio.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi, wakiwamo niliowafundisha mwenyewe, hupenda kusema kwamba wazee wa milimani hawakuwa na likizo wala uraibu. Kwamba mume na mke waliishi na jembe, wakazeeka na jembe. Usemi huo hauwatendei haki wazee, wala hauitendei haki lugha. Mapumziko yalikuwapo. Kisichokuwapo ni ukuta kati ya mapumziko na kazi.

Tuanze na neno pumzika. Limezaliwa na pumzi, nalo pumzi ni ndugu wa pumua. Mtu wa bondeni anaweza kulitumia neno hili bila kufikiri, lakini anayepanda kutoka Same kwenda Mbaga au Chome akiwa na mzigo kichwani hulielewa kwa mapafu yake. Hupumziki kwa sababu safari imekwisha; hupumzika ili uweze kuendelea nayo. Hivyo ndivyo yalivyokuwa mapumziko ya mke na mume wa zamani: vituo vifupi ndani ya siku ya kazi.

Chukua mfano wa ndiva, yale mabwawa madogo ambayo Wapare huyatumia kukinga maji ya vijito. Maji hujikusanya usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope au ukingo wake ukibomoka, watu huitana kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Aliyewahi kuhudhuria msaragambo anajua kwamba jasho na kicheko havikutengana: utani, nyimbo na habari za ndoa na posa vilikwenda pamoja na majembe. Jioni familia ilirudi kwenye makande, chakula ambacho Wapare tunataniwa nacho nchi nzima, nacho ni rafiki wa mazungumzo, kwa kuwa mahindi na maharage havikubali kuharakishwa. Chungu kikiwa jikoni kwa saa nyingi, watu hukaa na kuzungumza.

Dini nazo zilileta vipimo vyake vya mapumziko. Wamisionari wa Kiadventista waliingia Upare ya Kusini mwaka 1903 na kufungua kituo chao Giti. Walutheri nao walijenga makanisa yao, na Uislamu ukapata wafuasi wengi, hasa Usangi na Ugweno. Kwa hiyo katika milima hiyo hiyo, jirani mmoja huheshimu Ijumaa, mwingine Jumamosi, wa tatu Jumapili. Hapa wapenzi wa lugha wana jambo la kutafakari. Kiswahili huanza kuhesabu siku baada ya Ijumaa, ndiyo maana tunasema Jumamosi, siku ya kwanza. Muadventista wa Upare, basi, huitunza siku ya saba ya Maandiko katika siku ambayo lugha yake inaiita ya mosi. Ameishi na fumbo hilo kwa zaidi ya miaka mia bila kugombana nalo. Siku hiyo mume na mke huvaa nguo safi, hutembea pamoja, hukaa pamoja na hutembelea wagonjwa pamoja.

Kilichovunja mpangilio huo wa pamoja ni kazi ya mbali. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ilipita bondeni, chini ya milima yetu, na Same ikawa stesheni. Tangu hapo mwanamume wa Upare aliweza kuondoka asubuhi na kulala mbali sana na mkewe: kwenye mashamba ya mkonge, bandarini Tanga, katika ofisi na shule za miji mingine. Pesa ya kodi ilimsukuma, na reli ikambeba. Nyumba ikabaki na mke, watoto na shamba. Ndipo yalipozaliwa maisha ya kungoja, na ndani ya kungoja huko likizo ikapata uzito.

Tukio linaloonyesha uzito huo waziwazi zaidi ni mbiru. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni pamoja na watemi wa Upare walianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa kukadiria mali na kipato cha kila mtu. Wananchi waliiita mbiru. Hawakuikubali namna ya kukadiriwa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale bila silaha wakidai kodi hiyo iondolewe. Siku zikawa majuma, na majuma yakawa miezi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliliandikia jambo hili kijitabu mwaka 1971, nasi tuliosomesha historia tulilitaja darasani kama mfano wa upinzani wa wananchi kabla ya TANU.

Hata hivyo, tulipolifundisha tulizungumzia zaidi kodi na watemi, na kwa uchache sana ndoa. Wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Walitembea kutoka milimani kuwaunga mkono waume zao, na Januari 1946 mamia yao waliandamana Usangi. Dai lao limehifadhiwa na watafiti, na halina kificho: mkuu wa wilaya aumalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani, ama sivyo awape mimba wao wote, kwa kuwa waume hawapo. Mwishowe kodi hiyo ilifutwa.

Wapo wanaolicheka dai hilo na kulipita. Mimi naliona kuwa miongoni mwa kauli nzito zaidi katika historia ya milima hii. Wanawake wale walichukua jambo la chumbani, ambalo adabu ya Kipare hulifunika kwa nguo saba, wakaliweka mbele ya dola. Walisema kwamba maisha ya kila siku ya mume na mke, kulala chini ya paa moja, kula chungu kimoja na kupata watoto, si mambo madogo ya kusubiri siasa imalizike. Siasa ndiyo iliyopaswa kumalizika ili mambo hayo yaendelee. Kwa lugha ya leo tungesema walidai likizo ya waume zao.

Mimi na mke wangu tulikuwa walimu. Miaka tisa ya mwanzo ya ndoa yetu tulifundisha katika wilaya mbili tofauti, na maombi ya uhamisho yalikwenda bila majibu. Tulionana Juni na Desemba, shule zilipofungwa. Katika miezi iliyobaki tuliandikiana barua, na kwa kuwa sote tulipenda ushairi, barua nyingi zilikuwa na beti. Yeye alianzisha, nami nikajibu kwa vina vilevile. Ukiniuliza uraibu wetu ulikuwa nini, nitakujibu kuwa ni huo. Hatukuuchagua katika orodha ya michezo; tuliupata kwa sababu tulikuwa mbali.

Neno uraibu lenyewe lilitumika zamani kwa vitu kama tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu akivizoea hawezi kuviacha. Leo wengine hulitumia badala ya hobi. Nalipenda kwa sababu ni neno la kweli: kinachompendeza mtu hasa ni kile ambacho akikikosa hukitafuta. Tangu tustaafu, uraibu wa mke wangu ni kufuma vitambaa na kuotesha miche ya miti. Wangu ni bao na kunakili mashairi ya zamani. Asubuhi tunamwagilia mboga kabla jua la Same halijawa kali, kwa maana mji huu umekaa upande mkavu wa milima na mvua huishia juu. Kisha tunakunywa chai ya tangawizi ya Mamba Myamba, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akimsahihisha mizani.

Likizo zetu ni za karibu. Mwaka mmoja tulikwenda Mkomazi, ambayo lango lake la Zange halipo mbali na mji. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na ni hifadhi ya taifa tangu 2008. Tumezaliwa na kukulia jirani nayo, lakini hiyo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia kama wageni. Mwaka mwingine tulipanda Chome, kwenye msitu wa Shengena, ambako kilele kinafika mita 2,462. Tulipumzika mara nyingi njiani.

Kila Desemba mabasi hushusha Same watu kutoka Dar es Salaam, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria imerudi tena baada ya kukoma kwa zaidi ya miaka 20. Mke hupokea mume, mume hupokea mke, na watoto huwatazama wazazi wao wakiwa pamoja kwa majuma mawili. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ni sheria njema, lakini humhesabu mtu mmoja mmoja. Haiulizi mwenzake anapumzika lini. Wako walimu, wauguzi na askari wengi ambao likizo zao hupishana mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo nawaomba malenga wanaosoma hapa, mkitunga juu ya likizo msiishie kwenye fukwe na hoteli. Neno hili lina titi la mama ndani yake, lina stesheni ya reli, na lina wanawake wa Usangi waliosimama mbele ya mamlaka wakidai waume zao warudi. Anayelipokonya historia hiyo hulibakiza tupu. Na ikiwa katika lugha za kwenu, Kisambaa, Kichaga, Kigogo au nyingine yoyote, kuna neno moja linalomaanisha kurudi na kupumzika kwa pamoja, tuleteeni tulijadili. Kiswahili bado kina nafasi ya kulipokea.