Kinyume cha Namba Changamano

Kinyume cha namba changamano ni namba ambayo, ikizidishwa kwa ile ya kwanza, huzaa 1. Kila namba changamano inacho, isipokuwa sifuri. Namba hizo huandikwa a + bi, ambapo a ni sehemu halisi, b ni sehemu ya kufikirika, na i ni namba ambayo mraba wake ni −1. Kinyume cha a + bi ni 1/(a + bi). Ili kuiondoa i katika asili, yaani chini ya mstari wa sehemu, hutumiwa namba mwenza, a − bi, inayotofautiana na ile ya kwanza kwa alama ya sehemu ya kufikirika tu: kiasi, yaani juu ya mstari, na asili huzidishwa kwa mwenza huyo, na asili hubaki a² + b², namba halisi tupu.

Wahandisi wa umeme, wakiwamo wanaofunzwa katika Chuo Kikuu cha Machakos, huandika j badala ya i, kwa sababu i kwao ni alama ya mkondo. Koili yenye ukinzani changamano (impedansi) wa omu 3 + 4j ikiunganishwa na umeme wa nyumbani wa Kenya, volti 240, kinyume cha ukinzani huo ni (3 − 4j)/25, yaani 0.12 − 0.16j; kikizidishwa kwa 240 hupatikana mkondo wa 28.8 − 38.4j, ambao ukubwa wake ni ampea 48. Anayegawanya 240 kwa 5, ukubwa wa 3 + 4j, hupata ampea zizo hizo, lakini hukosa jambo lililo muhimu zaidi, kwamba mkondo huchelewa nyuma ya volti kwa takribani nyuzi 53.