Uhuru Iliyoruka Kutoka Bahari Yetu

Wenzangu tuliosoma pamoja,

Wale wa rika langu watakumbuka Januari ya 1971, tuliporudi kutoka likizo tukiwa na habari moja vinywani: Waitaliano wameirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, na jina lake ni Uhuru. Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ndiyo sababu ikapewa jina hilo. Tulijivuna sana. Lakini simkumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza imekwenda kufanya nini. Mimi mwenyewe nilifundisha fizikia miaka mingi kabla ya kuuliza. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Uhuru ilikwenda kutazama mbingu kwa eksirei. Eksirei za angani hazifiki ardhini, kwani hewa yetu huzimeza. Hapana budi chombo kipande juu. Pwani yetu ilifaa kwa kuwa iko karibu na Ikweta. Hapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na chombo kizungukacho juu ya Ikweta huepukana na mnururisho mwingi ambao ungevuruga vipimo. Uhuru, yenye uzito wa kilo 142 hivi, ilijizungusha polepole ikipekua anga ukanda kwa ukanda. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Riccardo Giacconi, ilikoma 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwao zilikuwamo galaksi tendaji, yaani zile ambazo kitovu chake hung'aa kupita kiasi, kama NGC 4151.

Swali likazuka. Je, mng'ao huo ni wa nyota nyingi zilizosongamana, ama ni wa kitu kimoja? Darubini hazikuweza kuonyesha, kwa jinsi kitovu kilivyo kidogo na mbali. Ikabidi wataalamu watumie saa.

Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, iliruka kutoka jukwaa lile lile la San Marco, ikafanya kazi hadi 1980. Ilionyesha kwamba eksirei za galaksi hizo hupanda na kushuka kwa miezi, kwa majuma, pengine hata kwa siku.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, kumbukeni gwaride letu la asubuhi. Wavulana mia wakipiga kofi moja kwa pamoja, nao wamekusanyika mbele yako, utasikia mlio mmoja mkavu. Wapange katika mstari wa kilomita moja, wewe usimame mwisho mmoja: kofi lile lile litakufikia likiwa limetawanyika kwa sekunde tatu hivi, maana sauti ya walio mbali huchelewa. Nuru nayo ni vivyo hivyo. Kitu kikubwa hakiwezi kuonekana kikibadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru huhitaji kukivuka.

Mwaka 1983 nchi za Ulaya zilirusha EXOSAT kutoka Marekani. Chombo cha karibu na dunia huzibwa na dunia yenyewe katika kila mzunguko wa saa moja na nusu hivi. EXOSAT ilizunguka kwa takriban saa 90, ikaweza kuikodolea macho galaksi moja kutwa kucha. Iliikuta NGC 4051 ikibadilika sana ndani ya saa moja. Fanyeni hesabu: kilomita 300,000 kwa sekunde, mara sekunde 3,600, ni kilomita milioni 1,080. Huo haufiki umbali wa kutoka Jua hadi Zohali! Mng'ao wote huo watoka mahali padogo hivyo, na maelezo yanayofaa ni shimo jeusi linalomeza gesi.

Kisha chombo cha Marekani, RXTE, kikakesha kutoka 1995 hadi 2012. Mwaka 2006 ilibainika kwamba shimo jinsi lilivyo zito ndivyo linavyobadilika taratibu, na kiasi cha gesi linachomeza nacho kina sehemu yake. Cygnus X-1, ambayo Uhuru yetu iliiona ikimetameta ndani ya sehemu ya sekunde, ina uzito wa majua 21 hivi. NGC 4051 ina wa majua milioni moja hivi. Kanuni yao ni moja.

Roketi ya mwisho iliruka San Marco mwaka 1988. Hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya kuzidisha tu, na mvulana wa kidato cha pili aiweza. Sisi tulilipokea jina tukaliacha swali, ilhali kuuliza si ujinga. Basi mkipita Malindi na wajukuu, msiwaonyeshe bahari tu. Wapeni na hesabu.